Filamu iliyogombana na mashabiki wake

Jumapili, usiku

Leo nimeirudia Joker: Folie à Deux, sehemu ya pili ya filamu ya Joker, yule adui wa Batman wa kwenye katuni, safari hii nyumbani, na hasira bado ipo. Si ya hela ya tiketi, hiyo nilishasamehe. Ni hasira ya mtu aliyealikwa kwenye shughuli, akavaa akapendeza, akafika, halafu mwenyeji akashika maiki na kuanza kumsema mbele za watu kwa nini amekuja.

Nimetaka kuandika hili kwa sababu kila nikikaa na watu wanaopenda sinema, maelezo ni yale yale: imebuma kwa sababu ya nyimbo. Mimi sikubali, au nakubali robo tu.

Turudi nyuma kidogo. Joker ya 2019 ilitengenezwa kwa bajeti ambayo kwa filamu za mashujaa wa katuni ni ndogo kabisa, dola milioni 55 hadi 70 hivi. Haina magari yanayoruka wala jiji linalobomoka. Ina Joaquin Phoenix aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, ngazi ndefu za Bronx kule New York, na sauti ya chelo ya Hildur Guðnadóttir inayokwaruza moyo. Ikabeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, ikateuliwa mara 11 kwenye Oscar na kuchukua mbili, ya Phoenix na ya muziki. Tiketi zikaingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani, filamu ya kwanza kufika hapo ikiwa kwenye daraja la R, lile la Marekani linalomzuia mtoto kuingia bila mtu mzima.

Todd Phillips, muongozaji wake, alikuwa amesema wazi kwamba hadithi ile inajitosheleza yenyewe, haina sehemu ya pili. Na kweli ilikuwa imekwisha. Arthur Fleck, mchekeshaji asiyechekesha anayejiita Joker, ameua, ameonekana kwenye televisheni, jiji limewaka moto, amefungiwa Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukitaka kuendelea hapo inabidi uwe na jambo jipya la kusema. Bilioni moja, hata hivyo, ina ushawishi wake, na Oktoba 2024 tukaletewa muendelezo uliogharimu kati ya dola milioni 190 na 200. Kumbuka hiyo bajeti, nitairudia.

Mwisho wa wiki wa kwanza nchini Marekani iliingiza kama dola milioni 37.7. Ile ya kwanza ilikuwa imeingiza milioni 96 kwa siku hizo hizo. Haya, tuseme watu walikuwa wanasitasita. Kilichonishtua ni wiki ya pili: mauzo yalianguka kwa asilimia 81, kama dola milioni 7 tu. Anguko la namna hiyo halitokani na wahakiki, maana wahakiki walishasema yao mapema, tangu Venice. Linatokana na watu waliotoka ukumbini Ijumaa usiku wakawapigia simu wenzao: usiende. CinemaScore, kampuni inayowauliza Wamarekani maoni siku ya kwanza wanapotoka kutazama, iliipa alama ya D. Kabla ya hapo hakuna filamu iliyotokana na vitabu vya katuni iliyowahi kushuka mpaka huko, na katika fani hiyo kuna takataka za kutosha. Mpaka inaondoka kwenye kumbi ilikuwa imekusanya kama dola milioni 207 dunia nzima. Wenye kumbi huchukua karibu nusu ya hela ya tiketi, na matangazo yana gharama zake juu ya bajeti, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Mimi niliiona ukumbini, na nilichokiona kwa watazamaji kilinifundisha zaidi ya hizo namba. Nilikwenda na mdogo wangu. Nusu saa ya kwanza watu walikuwa wametulia, wanatafuna bisi zao, wanasubiri. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, mtu nyuma yetu akaguna. Karibu na katikati mdogo wangu akaniinamia:

"Kaka, huyu si ndiyo steringi?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona kazi yake kupigwa tu?"

Sikuwa na jibu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna kanuni moja isiyohitaji mjadala, kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa mpaka damu imtoke masikioni, lakini dakika za mwisho ananyanyuka. Humu steringi anapigwa, anadhalilishwa na askari bafuni, anaachwa na mwanamke, anakamatwa tena, halafu anachomwa kisu cha tumbo na kijana ambaye hata jina hatukuambiwa. Taa zilipowashwa kuna jamaa alisimama akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima, "Imeisha?" Watu walicheka. Kicheko pekee nilichokisikia usiku ule kwenye filamu ya mchekeshaji.

Sasa nyimbo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akisema hapendi filamu yenye nyimbo namtazama mara mbili. Filamu za Kihindi zimetulea. Mama zetu walikuwa wanaimba nyimbo zisizo na neno hata moja wanalolielewa, na walikuwa wanalia mahali panapostahili. Katika zile filamu wimbo una kazi: wanaingia kwenye wimbo wakiwa wageni, wanatoka wakiwa wapenzi, au wimbo unaanza mvulana akiwa maskini, unakwisha ameshakuwa tajiri. Na hata usipofanya kazi yoyote, basi unakupa raha, rangi, wachezaji hamsini mlimani. Ukitoa wimbo umetoa kitu.

Humu nyimbo hazifanyi moja wala jingine. Arthur na Lee, mwanamke anayechezwa na Lady Gaga, wanapendana kabla ya wimbo, wanaimba kwamba wanapendana, wimbo unakwisha, bado wanapendana. Tunarudi seli. Nyingi ni nyimbo za zamani za Kimarekani, za enzi za majukwaa na santuri, na mzee wa New York pengine zinamgusa mahali. Kwa mdogo wangu zilikuwa nyimbo zinazofanana tu. Halafu wakaamua kuziimba papo hapo mbele ya kamera, kwa sauti za kukwaruza, za watu wasiojua kuimba, ili ionekane kweli. Kwa Phoenix nakubali, mhusika wake ni mtu aliyevunjika. Lakini umemleta Lady Gaga, mwanamke mwenye sauti ile, halafu unamwambia anong'one? Kuna dakika moja hivi anaachia koo, na ukumbi mzima ukakaa vizuri kwenye viti. Dakika ikapita.

Na kuna udanganyifu mdogo ambao watu hawakuusahau. Trela ilionyesha wanacheza kidogo, wanaimba kidogo, lakini mwenyewe Phillips kwenye mahojiano alikuwa anakwepa kuiita filamu ya muziki. Ukiuza kitu unachokionea aibu, mnunuzi akishafungua atajua. Bora wangesema wazi: jamani, safari hii tunaimba. Wasiotaka wangebaki nyumbani, waliokwenda wangekwenda na moyo wao.

Hiyo ndiyo robo yangu. Robo tatu zilizobaki ni kesi.

Karibu nusu ya filamu ni mahakamani. Arthur anashtakiwa kwa mauaji ya filamu ya kwanza, na mashahidi wanakuja mmoja mmoja kutusimulia mambo tuliyoyaona kwa macho yetu miaka mitano nyuma. Huo peke yake ni ubovu wa uandishi: kama saa nzima ya kuhojiana juu ya filamu nyingine, iliyo bora kuliko hii unayotazama. Lakini ukiangalia vizuri, aliyeko kizimbani si Arthur peke yake. Nje ya mahakama kuna umati umevaa vinyago vya mchekeshaji, unashangilia, unabeba mabango. Wajinga wote. Kamera inawatazama kwa dharau. Na wale ni sisi. Ni wale walionunua tiketi 2019, waliovaa suti nyekundu kwenye sherehe, waliokwenda mpaka Bronx kupiga picha kwenye zile ngazi. Phillips ni kama alitazama bilioni yake, akawatazama waliomletea, akaona haya.

Sisemi hana haki ya kuona haya. Filamu ya kwanza iligombaniwa sana wakati ule, wapo walioiona ni hatari, inampamba muuaji. Msanii anaweza kurudi na kusema, ngoja, hamkunielewa, yule hakuwa shujaa. Hilo ni wazo kubwa. Tena kuna mahali pamoja ambapo anaufikia ukubwa huo, na leo nimeparudia mara kadhaa.

Ni ushahidi wa Gary Puddles. Leigh Gill ndiye anayemcheza, yule mfanyakazi mwenzake Arthur, mtu mfupi wa kimo, ambaye kwenye filamu ya kwanza alishuhudia mwenzao akiuawa chumbani na akaachwa aende zake. Arthur ameshamfukuza wakili wake, anajitetea mwenyewe akiwa amejipaka rangi usoni, anaongea kwa lafudhi ya kuigiza kama wakili wa sinema za zamani. Anaanza kwa kulichezea jina la Gary, watu wanacheka. Gary anakaa pale, miguu haifiki chini, sauti inatetemeka. Anaeleza kwamba halali, anaogopa. Halafu anasema jambo ambalo linamkata Arthur ulimi: pale kazini, wewe ndiye pekee ambaye hukuwahi kunicheka.

Phoenix hafanyi kitu hapo. Mdomo uliopakwa rangi unabaki umetabasamu, lakini macho yameshazima. Lafudhi inapotea. Ukimtazama pale unaona gharama ya kila kilichoshangiliwa kwenye filamu ya kwanza, bila mtu yeyote kuhubiri. Nililia ukumbini na leo nimelia tena. Angejenga filamu nzima juu ya tukio lile, nisingekuwa naandika haya.

Badala yake, kwa kilichobaki, anatuadhibu. Arthur anatamka mbele ya jopo kwamba hakuna Joker, ni yeye tu, na Lee anainuka anatoka. Sawa. Lakini mtu akishakana jina lake lazima kuwe na mtu chini ya lile jina, ana tamaa gani, anamtaka nani, atafanya nini kesho. Humu chini ya Joker hakuna kitu. Tunabaki na mtu wa kusikitikiwa, na kusikitika bila kitu kingine kunachosha haraka. Shujaa anaweza kushindwa na watu wakatoka wameridhika, mradi ameshindwa akijaribu jambo. Arthur hajaribu jambo lolote. Hata bomu linapolipuka nje ya mahakama na kumpa njia ya kutoroka, ni la watu wengine. Yeye anakimbia tu, mpaka kwenye ngazi zile zile, akaambiwe kwaheri.

Na ndiyo maana nilisema kumbuka bajeti. Filamu ya kuwasuta mashabiki inaweza kutengenezwa, na nadhani inapaswa kutengenezwa. Itengeneze kwa milioni 20, kwa wanaotaka kubishana nayo. Ukitumia karibu milioni 200 unahitaji umati, na umati hauji kusutwa. Studio ilitaka hela za wale wenye vinyago huku muongozaji akitaka kuwavua vinyago hadharani. Hakuna aliyekaa chini kuwaambia kwamba haya mawili hayakai pamoja, au alikuwepo na hakusikilizwa.

Wapo walioitetea, tena si watu wadogo. Quentin Tarantino aliisifu hadharani, Francis Ford Coppola pia. Nadhani wao walifurahia kile kile kilichotuudhi, muongozaji anayeichoma hela ya studio bila kumwogopa mtu. Ukiwa muongozaji hilo linakupa faraja. Ukiwa umepanda daladala mbili kwenda ukumbini, unataka hadithi.

Baada ya kuizima leo, mdogo wangu ameniuliza ningefanyaje kama ningepewa hizo milioni. Swali la kijinga, lakini tumebishana mpaka chai imepoa. Yeye anataka Joker atoroke Arkham na kuliteka jiji, basi, kama watu walivyotegemea. Mimi namtaka Lee. Katikati ya filamu wakili anamfichulia Arthur kwamba huyu mwanamke amemdanganya kila kitu: hakutoka mtaani kwao, hakuchoma nyumba yoyote, ni mtoto wa matajiri aliyesomea magonjwa ya akili na kujipeleka Arkham kwa hiari yake ili awe karibu na muuaji aliyemwona kwenye televisheni. Dakika mbili za maelezo, kisha tukarudi kuimba. Lakini shabiki halisi wa Joker si ndiye huyo? Mtu anayetazama unyonge wa wenzake kwenye skrini, anaupenda, anakwenda kuukodi. Kama Phillips alitaka kutuonyesha sura zetu, sura ilikuwa pale mbele ya kamera yake, na Lady Gaga ndani yake. Kwenye filamu yangu Lee anaanzia kwenye jumba la wazazi wake, anazima televisheni, anafungasha begi. Mdogo wangu kasema hiyo hata yeye angeitazama, ila kwanza niweke na kupigana kidogo.