Aisi zangu kwenye mikebe ya biskuti

Fundi mmoja wa redio pale Mwembe Tayari huniambia kila nikimpitia, “Ami, huku pwani umeme tuli haupo, kuna kutu tu.” Nusu ya maneno yake nayakubali. Hewa yetu ina unyevu, na unyevu huo hutanda juu ya vitu ukautoa umeme tuli, ule wa msuguano unaorusha cheche, kabla haujalimbikizana. Lakini karakana yangu ni chumba cha ndani huku Tudor, Mombasa, na nina kiyoyozi, ambacho hukausha hewa. Tena cheche ya kidoleni huisikii mpaka volti zifike kama 3,000, ilhali mosfeti (aina ya transista) na aisi nyingi, yaani chipu zenye saketi nzima ndani, huharibika kwa mia chache, hata chini ya hapo. Zipo zisizofa papo hapo: hudhoofika tu, kisha bodi ikazima ikiwa tayari iko kwa mteja.

Kazi ni kwamba ukikausha hewa kuikimbia kutu, unaukaribisha umeme tuli. Kwa hiyo niliacha kuhangaika na hewa ya chumba kizima, nikashughulikia hewa ya ndani ya mkebe.

Kila aisi naitia kwenye mfuko wa rangi ya fedha, ule unaokuja na ramu au hadi diski. Wauza kompyuta wengi huitupa. Nawaomba, nauangalia kama haujatoboka wala kuchanika. Ule wa waridi ni rahisi kupatikana, ila kazi yake ni kutozalisha umeme tuli, basi. Cheche ikitoka nje hauizuii. Mifuko naipanga ndani ya mkebe wa biskuti wa bati, pamoja na silika jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani imeshiba maji, naikausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 hivi. Msimu wa masika hushiba upesi, na hapo oveni huwa ni ya kugombania na wapishi.

Sponji nyeusi ya kuchomeka miguu ya aisi naitumia kwa vipuri vya kazi iliyo mezani pekee. Ikikaa miaka kwenye unyevu huoza na kula miguu ya aisi. Bodi yenye betri ya kidonge siigusishi nayo kabisa, maana inapitisha umeme na betri itaisha bure.

Kabla ya kufungua mkebe navaa ukanda wa mkononi uliounganishwa na athi, waya unaopeleka umeme ardhini. Ndani ya ukanda mna rezista, kipuri cha kupunguza mkondo, ya megaomu 1: hata nikigusa waya wa volti 240, mkondo utakaopita hapo haufiki robo ya miliampia. Athi yenyewe nilimwita fundi wa umeme aipime kwanza, kwani kwenye nyumba za zamani soketi huwa na tundu la athi lisilounganishwa na chochote.

Rezista hazina makuu. Ziko kwenye vidroo vya plastiki upande wa pili wa chumba, mbali na meza, kwa sababu plastiki hiyo ndiyo mzalishaji mkubwa wa umeme tuli humu ndani.