Bata mzinga, choki na karatasi za kaki

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda bata mzinga hapa Missouri, Marekani, nilijeruhi dume mmoja na sikumpata. Naanza na hilo kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye yalitokana nalo. Alikuwa ng'ambo ya kibonde, mbali kuliko macho yangu yalivyonidanganya. Nikafyatua, manyoya yakaruka, akayumba, kisha akapaa akapotelea juu ya mialoni. Nilimtafuta mpaka jua likawa la utosi. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, na kwa wiki kadhaa sikutaka hata kuigusa bunduki.

Kosa lile lilikuwa na mizizi mbali. Nimekulia Sikonge, mkoani Tabora, na kuwinda nilikuona kwa babu, mwenye gobore lake na mfuko wa marisau, zile punje ndogo za risasi. Babu aliwinda kanga. Alisubiri kundi lijibane njiani, akapiga katikati, marisau yakatawanyika na kanga wawili watatu wakabaki chini. Kichwani mwangu ndivyo bunduki ya marisau ilivyofanya kazi: uitawanye, itakuta kitu.

Bata mzinga si kanga. Dume mzima wa mashariki mwa Marekani huweza kufika kilo 9 na zaidi, kifua kimefunikwa na manyoya mazito yaliyolaliana kama makuti, na mifupa ya mbawa ni migumu. Ukimpiga mwilini kwa marisau anaweza kuondoka nayo akafie mbali. Anayetaka kumwangusha papo hapo hupiga kichwa na shingo, yaani ubongo na pingili za uti, eneo jembamba lisilozidi kiganja na vidole vyake. Kutawanya hakusaidii hapo. Unahitaji marisau mengi, mahali padogo, kwa wakati mmoja.

Mambo yanayoamua hilo ni mawili: risasi yenyewe, na choki. Choki ni kile kipande cha bomba fupi kinachokazwa kwa hesi kwenye mdomo wa mtutu ili kuubana kidogo, marisau yatoke yameshikana. Bunduki yangu ni ya geji 12, ambayo kwa kawaida mtutu wake una upana wa inchi 0.729, kama milimita 18 na nusu. Nilipoifungua nyumbani nikaona niliwinda na choki ya kati iliyokuja nayo, inayobana takriban nusu milimita tu. Na risasi zilikuwa namba 7½, za kupigia visahani vya udongo. Nilipoviona viwili hivyo mezani, nilielewa yule ndege alivyoondoka.

Namba za marisau huenda kinyume: namba ikipanda, punje inapungua. Sheria ya Missouri hairuhusu punje kubwa kuliko namba 4 kwa bata mzinga. Namba 4 ina upana wa milimita 3.3, namba 5 kama milimita 3, namba 6 milimita 2.8. Ni tofauti ndogo kwa jicho, lakini aunsi moja ya risasi ya namba 4 hubeba punje kama 135, na ya namba 6 kama 225. Punje kubwa huzama zaidi, punje ndogo hujaza nafasi zaidi. Kila mwindaji niliyemuuliza alikuwa na namba yake na aliitetea kama timu ya mpira.

Dukani niliambiwa choki inayobana kuliko zote ndiyo bora. Nikanunua ya inchi 0.640, yaani upana wa mdomo wake. Kwa bahati njema jirani yangu mmoja, mzee aliyewinda tangu utotoni, aliniazima yake ya 0.660 ya hesi ileile na kuniambia neno moja: nisiamini kitu chochote mpaka nikione kwenye karatasi.

Basi nikanunua bunda la karatasi ya kaki. Kwenye kila kipande nilichora duara la inchi 10 nikizungusha kalamu kwenye mfuniko wa sufuria uliolingana, nikaweka nukta katikati. Kwenye uwanja wa shabaha nilibandika karatasi yadi 40, nikaketi, nikaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, nikapiga, nikabadilisha karatasi, nikapiga tena. Risasi za bata mzinga zina teke kali. Baada ya ya sita bega lilinikataa, nikaahirisha hadi Jumamosi iliyofuata. Usiku nilitandaza karatasi sakafuni na kuhesabu matundu, nikitia wino kila tundu nisilihesabu mara mbili. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba watoto, huyo ndege mmoja ndiyo hesabu yote hii?" Nikamwambia ndiyo.

Wawindaji wengi hutaka punje zisizopungua 100 ndani ya duara lile. Choki ya 0.640, niliyoilipia mwenyewe, ilinipa 71 kwa namba 6, na upande wa kulia palikuwa na pengo ambalo shingo nzima ingepita salama. Risasi, ile ledi inayotengenezea punje, ni metali laini. Ikibanwa kupita kiasi punje hugandamizana na kupoteza umbo, na punje isiyo mviringo haifuati njia. Choki ya mzee, iliyobana kidogo zaidi ya milimita moja na nusu, iliweka 84 kwa namba 5 na 122 kwa namba 6 ya aunsi mbili. Kila bunduki ina tabia yake. Ya jirani ingeweza kupenda kinyume chake.

Karatasi zilinionyesha mambo mengine mawili ambayo duka lisingeniambia. La kwanza, kundi zima la matundu lilikaa inchi tano juu na kushoto ya nukta. Nilikuwa nikilenga kwa shanga ya shaba iliyo mdomoni mwa mtutu, na shavu langu halikulala vizuri kwenye kitako. Nikafunga kilengeo cha nukta nyekundu, nikarekebisha mpaka katikati ikawa katikati. La pili lilinitisha zaidi: kwa yadi 15, choki ileile ilitoboa tundu moja lisilozidi ngumi. Anayedhani ndege wa karibu ndiye rahisi, apige karatasi ya yadi 15 aone.

Nilijaribu pia marisau ya tungsteni. Ni metali nzito mno, kama gramu 18 kwa sentimita ya ujazo, wakati risasi ni 11.3, kwa hiyo punje ndogo ya namba 9 huzama vya kutosha na ndani ya duara nilihesabu zaidi ya 200. Lugha yetu hukwama hapo, maana hiyo ni risasi isiyo ya risasi. Ni nzuri kweli, lakini bei yake ni kubwa, na iliniletea hamu ya kupiga yadi 55. Hamu hiyo ndiyo iliyonipotezea yule wa kwanza. Nikabaki na namba 6 na choki ya 0.660, nikajiwekea mpaka: si chini ya yadi 20, si zaidi ya 35.

Aprili iliyofuata niliketi gizani, mgongo kwenye shina la mti, goti juu. Jana yake nilikuwa nimepima kwa hatua na kukariri kisiki cha yadi 35. Jua lilipochomoza dume akajibu mlio wangu wa kuigiza jike, akaja akijitanua, mkia kama upepeo. Alikaa nyuma ya kisiki kwa muda ulionikausha koo. Sikufyatua. Akapita kisiki, nikabofya mlio mmoja mfupi, akainua shingo. Alianguka palepale alipokuwa amesimama.

Nilipomchuna, kifua hakikuwa na hata tundu moja. Kwa babu, sisi watoto tulikula kanga huku tukitema punje na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Usiku ule mke wangu aliipika nyama kwa nazi, na sahani za wanangu zilibaki safi.