Poliesta haitaki moto mkali

Wadau, namba nyeupe kugeuka pinki juu ya jezi nyekundu ndo kitu kinachoniuma kuliko vyote kwenye hii kazi ya kuprinti jezi, maana jezi inatoka kwenye presi, ile mashine ya kubandika kwa moto, ikiwa safi kabisa, namba inang'aa, mteja anaondoka na furaha yake, afu baada ya siku mbili tatu namba yote imeshika upinki. Watu wanakimbilia kulaumu vinaili, yaani ile karatasi ya plastiki inayokatwa namba na kubandikwa kwa moto. Mara nyingi vinaili haina kosa, moto ndo umezidi.

Iko hivi, jezi hizi ni za poliesta, na rangi ya poliesta imeingizwa ndani ya uzi kwa joto, kwa hiyo ukiipasha tena inalegea, inageuka mvuke na kupanda juu, na ikikuta vinaili ya kawaida inapenya taratibu tu mpaka inatokezea upande wa pili. Ndo kanuni ileile tunayoitumia kwenye sablimesheni, yaani kuhamisha picha kwa kugeuza wino kuwa mvuke, pale nyuzi joto 190 hadi 200 za sentigredi, tofauti ni kwamba hapa hatuitaki. Nyekundu na maruni ndo zinasumbua sana, na jezi ambazo michoro yake yenyewe ni ya sablimesheni zinasumbua zaidi.

Kwa hiyo mimi kwenye poliesta natafuta vinaili ya moto mdogo, zile zinazoshika kwenye 130 mpaka 140 hivi kwa sekunde 10 hadi 15, na kama kitambaa ni cheusi au chekundu nachukua yenye tabaka la kuzuia rangi, ukiigeuza utaona mgongo wake ni wa kijivu au mweusi. Ni nene kidogo na bei imechangamka lakini kwa namba nyeupe sioni njia nyingine ya uhakika. Maelekezo ya aliyeitengeneza yasome, kila vinaili ina moto wake, na usiiamini sana skrini ya presi maana unaweza kuta inasoma 140 wakati kona moja ya sahani yake ya moto iko juu au chini ya hapo, kile kipimajoto unachokielekeza tu bila kugusa kinasaidia sana hapa.

Kitu kingine ni ile alama ya mraba inayong'aa kuzunguka picha, hiyo inatokana na presha na moto kulaza nyuzi, na ikishakolea haitoki. Legeza presha, weka karatasi ya tefloni juu, na ndani ya jezi ingiza mto wa sponji ili eneo la kuprinti liinuke na mishono na zipu zibaki chini. Kabla ya yote piga presi jezi tupu bila vinaili sekunde 3 mpaka 5 unyevu utoke.

Ukimaliza usirundike jezi zikiwa za moto jamani, rundo linatunza joto na rangi inaendelea kupanda humohumo, zitandaze zipoe kwanza ndo uzikunje, na mteja mwambie asifue mpaka masaa 24 yapite, afu aigeuze ndani nje na atumie maji baridi.