Tulivyopanga Nishati ya Mtaa Wetu Kuanzia Jikoni

Nilipochaguliwa katibu wa chama cha wakazi hapa kwetu Umoja, Nairobi, nilikabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuandika mpango wa nishati wa mtaa. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kila kaunti iwe na mpango wake, na sisi tulitaka siku tukiitwa kutoa maoni tusiende mikono mitupu.

Kamati ilikuwa na jibu tayari: sola. Juu ya kila paa, basi. Mimi nilikuwa na shaka. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa haina moshi, maana takriban asilimia 90 hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Paneli zingepunguza bili ya pampu ya maji na taa za ngazi, jambo zuri, lakini gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, zinazotoka mtaani kwetu zingebaki kwa sehemu kubwa zilipo: kwenye majiko na pikipiki. Lengo la kufikisha gesi hizo sifuri tungelisikia redioni tu.

Basi nikachukua daftari nikapita ploti kwa ploti, yaani majengo ya vyumba vya kupanga, nikiuliza swali moja: unapikia nini? Karibu kila nyumba ina zaidi ya jiko moja. Gesi ni ya chai na mayai, makaa ni ya githeri na maharagwe, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi, mafuta taa hurudi. Makaa ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Mti umekatwa, tanuru limetoa moshi huko porini, kisha jiko linatoa mwingine chumbani mwenye watoto.

Nikiuliza kwa nini wasipikie stima, jibu lilikuwa lilelile: "Keateka hataki kuona koili." Keateka ni msimamizi wa ploti, na koili ni jiko dogo la umeme. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe iko wapi. Ploti nyingi zina mita moja. Mwenye nyumba hulipa bili, wapangaji hutozwa sawa kwa sawa ndani ya kodi, na anayewasha koili anaonekana mwizi wa wenzake. Tena mita moja ikibeba vyumba vyote, matumizi hupita uniti 100 kwa mwezi na kuangukia bei ya juu kabisa ya nyumbani. Mpangaji mwenye taa mbili na simu, ambaye kwa mita yake mwenyewe asingefikisha uniti 30 na angelipa bei nafuu, analipishwa kama mwenye friji na hita ya kuogea. Mita ndogo za kugawana hazitibu hilo, kwa sababu kampuni ya umeme huisoma ile kubwa.

Maneno matupu hayangetosha. Tulimwomba jirani mwenye mita yake mwenyewe ya tokeni, ya kulipia kabla ya kutumia, atupikie kwa sufuria ya presha ya umeme. Mahindi na maharagwe yalikuwa yamelowekwa usiku kucha. Kabla ya kuwasha, kina mama walijazana mbele ya mita, mmoja akaandika uniti zilizobaki kwenye kiganja chake. Githeri ilipoiva tukarudi kusoma: haikuwa imekula hata nusu uniti. Mama anayeuza githeri kibandani aliponda punje kwa vidole, akaonja, akasema imekosa harufu ya jiko. Kisha akauliza sufuria hiyo inauzwa pesa ngapi.

Mpango niliouandika ni mfupi. Kwanza kila mpangaji awe na mita yake. Pili chama cha akiba kikopeshe sufuria, mtu alipe kidogo kidogo kwa pesa alizokuwa akinunulia makaa. Sola inafuata, kwa pampu na taa za nje, ili jenereta ipumzike. Pikipiki za umeme nimeziweka mwisho kwa sababu hazimo mikononi mwetu. Vijana wa bodaboda watazinunua hesabu ikiwakubalia. Muuza makaa wa kona tumempa nafasi ya kwanza ya kuuza mitungi na kukodisha sufuria, ingawa bado ananinunia.

Landilodi mmoja ameshaomba mita za wapangaji wake. Nilimshika kwa hoja ya bili wala si ya hali ya hewa, na sioni aibu kusema hivyo. Jirani yake anasema hatagusa chochote mpaka aone risiti za mwenzake za miezi mitatu, na keateka wake bado anakagua vyumba akitafuta koili.