Nani alikuwa akininywea sukari usiku

Agosti ya kwanza baada ya kuhamia nyumba hii ya Tucson, Arizona, nilimtuhumu kitinda mimba wangu kwa wizi. Ana miaka sita, na yeye na sukari ni chanda na pete. Chupa niliyoijaza magharibi nilikuwa naikuta tupu alfajiri, karibu lita nzima, na sakafu ya baraza inanata mpaka kandambili zinabaki nyuma. Mtoto akaapa. Mimi nikamwangalia kwa jicho lile ambalo baba yangu alikuwa akiniangalia mimi.

Chupa yenyewe niliirithi kwa mwenye nyumba wa zamani. Ni ya kioo, inaning'inia kichwa chini, na kitako chake chekundu kina matundu yaliyofanywa kama maua. Ni ya kulishia ndege wavumaji. Kwa mtu wa Pwani, njia rahisi ya kuwaeleza ni kuanzia kwa chozi, kile kindege kinachong'aa kinachofyonza maua ya migomba. Wengi wetu tukimwona chozi tunadhani ndiye huyu wa kwenye video. Siye. Wavumaji wako bara la Amerika peke yake, na wao hawatui kwenye ua: wanasimama hewani, mabawa yakipiga kasi hata huyaoni, unasikia mvumo tu. Tucson wapo mwaka mzima. Bibi yangu, ambaye hakuupenda mji huu hata kidogo tulipofika, aliupendea hao. Kwa hiyo chupa ikiwa tupu, mimi ndiye naulizwa.

Kinywaji chao ni chepesi kutengeneza: kikombe kimoja cha sukari nyeupe, vikombe vinne vya maji, basi. Hakuna rangi, na asali usithubutu kutia, huota kuvu. Kwa joto la hapa, maji hayo hubadilishwa kila siku mbili au tatu, chupa ikasuguliwa. Nilishazoea kutumia kilo mbili za sukari kwa mwezi. Agosti ile zilikwisha kwa wiki.

Jirani yangu, mzee mstaafu, akasema ni rakuni, yule mnyama mwenye uso kama aliyevaa kitambaa cha jambazi. Nikaifunga chupa kwa waya. Asubuhi waya uko vile vile na chupa tupu. Halafu nikafikiri: rakuni ana mikono, angeing'oa chupa aiangushe. Hii imening'inia wima kwa adabu, kama haikuguswa.

Kosa langu kubwa nikalifanya hapo. Kwa kuwa maji yalikuwa yakichuruzika na kuita sisimizi, nikaweka beseni chini yake kukinga. Usiku wa pili tukasikia mikoromo nje. Wamekuja havelina watano, wanyama wa jangwani wenye manyoya magumu na harufu inayoingia mpaka chumbani. Wamelamba beseni, wamepindua vyungu vya maua, na mchicha wa bibi wameumaliza. Nilipompelekea mama picha Wete, alijibu kwa neno moja: "Nguruwe!" Nikajitahidi kumweleza kwamba wanafanana tu na nguruwe, ukoo wao ni mwingine. Akasema, "Basi wape na jina la Kiislamu." Beseni nililiondoa asubuhi ile ile.

Ijumaa moja nikaamua kukesha. Nikazima taa za ua, nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa kimya na kikombe cha chai. Ilipofika kama saa mbili na nusu usiku, kitu kikapita sikioni, upepo tu. Kikapita cha pili. Nikawasha tochi.

Popo! Hawakuwa mmoja wala wawili, walikuwa wanapokezana kama daladala kwenye kituo: mmoja anakuja, anasimama hewani mbele ya tundu chini ya sekunde moja, anachovya ulimi, anapinda, mwingine yuko nyuma yake. Kila akigusa, chupa inayumba kidogo na tone linaanguka. Hilo ndilo lililokuwa likininatisha baraza. Mmoja alipita karibu kiasi cha kumwona uso: pua ndefu, na juu ya pua kijingozi kimesimama kama jani. Kichwani na kifuani alikuwa na vumbi la manjano, kama mtu aliyetoka kusaga bizari.

Nikampigia mama simu ya video pale pale. Kwangu saa tatu usiku, kwake saa moja asubuhi, anakunywa chai. Nikaigeuza kamera. Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hao popobawa. Ingieni ndani, msome." Msicheke. Mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipoanza Pemba, nilikuwa mtoto, na ninakumbuka watu wazima wakilala nje kwa makundi, wamewasha moto, hakuna anayetaka kulala ndani peke yake. Mama hajasahau. Nikamwambia hawa wanataka sukari tu. Akanijibu, "Ndivyo wanavyoanza."

Kesho yake nikashika njia ya kwanza iliyonijia: chupa ilale ndani. Nikiswali magharibi naishusha, nikitoka kuswali alfajiri naitundika. Kwa sisi tunaoamka saa hizo si kazi. Ila lazima uitundike kabla hakujapambazuka vizuri, kwa sababu mvumaji huufunga mwili usiku, joto linashuka na moyo unapunguza mwendo ili asimalize akiba, na akiamka ana njaa ya kweli. Siku moja nikapitiwa na usingizi. Nilipofungua mlango, kindege kilikuwa kinasimama hewani mahali hasa palipokuwa na chupa, kinazunguka ndoano tupu, kinarudi nyuma, kinaitazama tena. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia.

Wiki mbili nilikwenda hivyo. Kilichonigeuza ni yule mzee jirani, nilipomwambia nimemjua mwizi. Aliwajua popo hao. Huja kutoka Mexico, na mwisho wa kiangazi hapa hutafuta maua ya agavi, ndiyo lile vumbi la manjano. Aina moja yao, wenye pua ndefu, iliwekwa na serikali ya Marekani kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 1988, wakati waliojulikana hawakufika 1,000. Mwaka 2018 wakaondolewa, wakikadiriwa kuwa 200,000, popo wa kwanza nchini humo kutoka kwenye orodha hiyo kwa sababu wamepona.

Agavi! Mkonge wetu ni agavi. Ule wa Tanga asili yake ni Mexico, ukafikishwa Tanganyika mwaka 1893. Mjomba wangu alikata mkonge Muheza, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiona milingoti ya ile iliyoachwa ikatoa maua, mirefu kupita nyumba. Sikupata kujiuliza kule kwao ni nani anayeyatembelea maua yake usiku. Sasa anatembelea baraza langu.

Basi nikanunua chupa ya pili, ya bei rahisi. Ya ndege ikabaki dirisha la jikoni, inaingia ndani magharibi. Ya popo nikaitundika pembeni kabisa mwa ua, juu ya mchanga mtupu, mbali na mlango na gari, maana baada ya sukari huja na yale mengine, na hayo hayatoki kwenye rangi ya gari kirahisi. Naijaza nusu tu. Wakiimaliza, wameimaliza, wana maua yao. Asubuhi naimwaga na kuiosha kama ile nyingine. Watoto wana amri moja: popo akionekana chini, hashikwi, hata akiwa hoi, kwa sababu popo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mnaniita.

Mwanangu nilimwomba radhi mbele ya ndugu zake. Akaniuliza fidia ni vijiko vingapi.

Katikati ya Oktoba, alfajiri moja yenye baridi, nilikwenda pembeni kuichukua chupa ya popo nikakuta nzito. Nikaiinua kwenye taa: maji yako pale pale nilipoyaacha. Usiku uliofuata vile vile. Nikaiosha, nikaikausha, nikaiweka juu ya kabati. Jioni mama akauliza kwenye simu, "Wale wako wamekwenda?" Nikamwambia wamerudi Mexico. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wakirudi, nionyeshe tena."