Nilivyofundisha aneksini bila kuwa na aneksini

Nafundisha wanafunzi wa maabara jioni, hapa Upanga. Mada iliyokuwa inawalaza darasani ni aneksini, protini zinazoshika utando wa seli pale tu kalsiamu inapokuwepo. Aneksini za binadamu ni aina 12. Wanazikariri, wanafaulu, kisha wanazisahau. Nilitaka waione kalsiamu ikifanya kazi, ila aneksini safi bei yake haishikiki.

Nikatumia damu yangu mwenyewe. Tuliitia kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu, yenye sitreti ya 3.2%, ambayo huikamata kalsiamu ili damu isigande. Tukaizungusha taratibu ili chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zibaki juu, tukavuta plazma, yaani maji ya damu, tukaiweka kwenye maji ya nyuzi 37. Binti mmoja akadondoshea kloridi ya kalsiamu, akawa anaiinamisha. Dakika zikapita.

“Mwalimu, mbona bado?”

Sijamjibu, plazma ikakataa kumwagika.

Hapo maswali yakaanza, nami nilikuwa nayasubiri. Chembe sahani zikiamshwa, fosfatidilserini, mafuta yaliyokuwa upande wa ndani wa utando, hugeuka nje. Vigandishi vya II, VII, IX na X, protini zinazogandisha damu, huing'ang'ania kwa msaada wa kalsiamu. Vishikio vyao hutengenezwa kwa msaada wa vitamini K, na utengenezaji huo ndio unaozuiwa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Warfarini wanaijua wote, kwa hiyo sehemu hii haikunichosha.

Aneksini A5 nayo hushika fosfatidilserini ileile, lakini haigandishi: hutandaa juu ya utando na kuwanyima vigandishi nafasi. Ndiyo maana ilipotolewa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, miaka ya 1980, ilitambuliwa kama kizuia kuganda. Kwenye kondo la nyuma inadhaniwa kuwa ngao dhidi ya damu kuganda. Nadharia moja inasema kingamwili za ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huivuruga ngao hiyo, mimba zikawa zinatoka. Darasa lilinyamaza hapo kuliko popote.

Seli inayojiua pia hugeuza fosfatidilserini nje, hivyo aneksini A5 yenye rangi inayong'aa huionyesha. Kijana wa nyuma akauliza kama wanaweza kuosha seli hizo kwa EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu. Mwenzake akamjibu kabla yangu: “Utaiosha na rangi yenyewe!”

Ukitaka kujaribu, jaza tyubu hadi alama yake. Kipimo ni damu sehemu 9 kwa sitreti 1. Ikipungua damu, sitreti iliyozidi itaimeza kalsiamu yako na utasubiri sana.