Siku moja kwenye meza ya kusokotea kebo

Saa mbili asubuhi. Glavu kwanza. Utepe wa leo una upana wa milimita 4 na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na karibu wote ni shaba pamoja na aloi ya nikeli. Supakondakta yenyewe, ile inayopitisha umeme bila upinzani ikipoa sana, ni ngozi ya mikroni (elfu ya milimita) moja au mbili, nayo ni kauri. Ukiivuta kupita kiasi inapasuka, na ufa wake hauzibiki. Ndiyo maana sitaki kucha karibu nao.

Saa tatu hadi saa saba tunazungusha tepe 12 kwenye kiini cha shaba. Uso wa supakondakta lazima ulale ndani, maana kauri huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Lakini shaba imefunika pande zote mbili, jicho halitofautishi. Tunaitegemea alama ya kwenye bobini, gurudumu lililoviringishiwa utepe.

Saa nane, kulehemu ncha. Lehemu ya indiamu na bati huyeyuka kwenye nyuzi 118 tu, na ndivyo tunavyotaka: joto kali hufukuza oksijeni kwenye kauri, utepe ukafa.

Saa kumi kebo inazama taratibu kwenye nitrojeni oevu, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inatokota kwa fujo. Ikitulia, tunajua shaba imepoa. Tunapandisha mkondo kidogo kidogo, macho kwenye volti ya kila utepe. Kikomo ni mikrovolti 1 kwa sentimita; kupita hapo, upinzani umeanza. Tepe 11 zilitulia tuli. Namba 7 ikaanza kupanda mapema, polepole, bila kurudi.

“Shusha mkondo!”

Kebo kama hii ikiwa ndani ya sumaku, hapo ndipo balaa huanzia. Sehemu iliyopata joto kwenye tepe hizi haisambai upesi. Joto hujikusanya pale pale hadi utepe uungue, na volti ya kukuonya ni ndogo mno. Sumaku iliyofika tesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) Marekani mwaka 2021 ilikuwa na kilomita 267 za tepe za aina hii. Hebu fikiria kuhakikisha kila mita.

Saa kumi na mbili tumefumua. Namba 7 ilizungushwa kinyume, uso wa supakondakta nje. Bobini hiyo niliipachika mimi, na imeniuma sana. Nimeshaandika kwenye karatasi ya kazi: upinzani wa mguso, yaani ugumu wa umeme kuingia pale utepe unapoguswa, upimwe pande zote mbili ili tujue supakondakta iko upande gani, kabla utepe wowote haujapanda mashine. Kipande chake nimekihifadhi. Kesho nakiweka chini ya hadubini nione nyufa zilianzia wapi.